Parafujo Moja Isilaze Gari la Umma

Wako wasomaji watakaoshangaa kuiona safu hii, ambayo kwa kawaida hushughulika na maendeleo ya wananchi na wajibu wa viongozi, leo inazungumzia parafujo. Tunapenda kuwahakikishia kwamba hatukuiacha njia yetu. Nyuma ya majengo ya ofisi nyingi, huku visiwani na kule bara, yamelala magari yaliyonunuliwa kwa fedha za umma. Yamewekwa juu ya mawe na majani yameota chini ya uvungu wake. Ukiuliza maradhi ya kila moja, si mara zote utaambiwa kwamba injini imekufa. Mara nyingine utaambiwa kwamba kulikuwa na kitu kidogo kilichokataa kufunguka, fundi akakilazimisha, kikaharibika, na tangu siku hiyo gari linasubiri. Kitu hicho kidogo ndicho tunachotaka kukitazama leo, na tutaanza kwa kueleza kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

Tulikuwa katika kata ya Chilangala, Wilaya ya Newala, Mkoa wa Mtwara, kwa shughuli za Chama. Chilangala iko juu ya uwanda wa Wamakonde, nchi ya mikorosho na mihogo, yenye barabara za mchanga na wananchi wachapa kazi. Kwa miaka mingi watu wa uwanda huo waliteremka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo vichwani, kwa sababu huko juu mchanga huyameza maji ya mvua na mito haipo. Katika nchi ya namna hiyo gari moja zima ni mali ya watu wengi. Gari tulilolikuta lilikuwa Land Rover ya zamani, iliyokuwa ikibeba magunia ya korosho wakati wa msimu, mifuko ya salfa wakati wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, na wagonjwa wakati wowote.

Siku hiyo gurudumu moja la nyuma lilikuwa likisaga kila breki ilipokanyagwa. Kijana fundi wa pale akalipandisha gari, akatoa gurudumu, akaanza kufungua parafujo zinazoishikilia ngoma ya breki. Parafujo za Land Rover za zamani mahali hapo zina kichwa kilichozama ndani ya chuma, chenye mfuo mmoja ulionyooka. Mbili zilitoka. Moja ilikataa. Kijana akaweka bisibisi chini, akasema kwa adabu kwamba ataitia mafuta aiache hadi asubuhi. Nasi tulikuwa na mkutano. Tukamwambia, “Kijana, wewe una nguvu, ongeza kidogo tu itatoka.” Hakutaka kubishana na wageni wenye umri wa baba zake. Akaongeza nguvu. Bisibisi ikaruka, ikautafuna mfuo wa parafujo ukawa kama kisahani, na kumpasua kijana kiganja.

Usiku ule zikaja habari kwamba yuko mama mwenye homa kali anayehitaji kupelekwa hospitali mjini Newala. Gari lilikuwa na magurudumu matatu. Mama yule alipakiwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mdogo wake, wakapita gizani katika mchanga. Alifika, na alitibiwa, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini hatukupata usingizi, kwa kuwa tulijua nani aliyelilaza gari lile. Halikulazwa na kutu peke yake. Lililazwa na haraka ya viongozi.

Asubuhi akaja mzee mmoja fundi, akaitazama parafujo ile, kisha akatutazama sisi. Akamwambia kijana, “Njomba, chuma hakijui cheo cha mtu. Ukisikia kinakataa, kiulize kwanza kwa nini.” Maneno hayo alimwambia kijana, lakini sisi tulielewa yametumwa kwa nani.

Basi na tuulize kama alivyoagiza mzee: kwa nini parafujo hukwama? Chuma kikipata maji na hewa hugeuka kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo kabla. Katika hesi za parafujo nafasi ni nyembamba mno. Kutu ikizaliwa humo hufura, hujaza kila upenyo, na kuvibana vyuma viwili mpaka vikawa kama kimoja. Kule Chilangala kazi hiyo hufanywa na matope ya masika, na unga wa salfa ambao ukikaa na unyevu huzidi kukila chuma. Kwetu visiwani tunaye adui mkubwa zaidi, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari huileta hadi mlangoni, na gari linaloegeshwa forodhani au kupitishwa ufukweni huoga chumvi kila siku. Maji ya chumvi huharakisha kutu kuliko maji matamu.

Liko jambo la pili ambalo wengi hawalifahamu. Land Rover ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma cha pua kilikuwa adimu baada ya vita, hivyo bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, na watu wakadhani wamepona. Lakini parafujo ya chuma ikikaa ndani ya aluminiamu, na maji ya chumvi yakiingia katikati, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo. Aluminiamu ndiyo inayoliwa, nayo hutoa unga mweupe unaoziba hesi kama saruji. Ndiyo maana mtu wa Unguja, Pemba au Mafia anaweza kukuta gari ambalo kwa macho ni zima, lakini bawaba za milango yake hazifunguki kwa bisibisi ya aina yoyote.

Jambo la tatu ni chombo kisicholingana na parafujo. Tangu Joseph Whitworth wa Uingereza alipopendekeza mwaka 1841 kipimo kimoja cha hesi, dunia haijawahi kukubaliana juu ya kipimo kimoja tu. Magari ya zamani ya Kiingereza yana nati za inchi, na ya Kijapani yana nati za milimita. Spana ya mfumo mmoja ikitumiwa kwa nati ya mfumo mwingine hukaa kama kiatu cha kuazima, na pembe za nati huisha. Hata parafujo yenye alama ya msalaba si moja. Ile iliyoenezwa na Mmarekani Henry Phillips, aliyepata hataza zake mwaka 1936, ina bisibisi ambayo hupanda na kutoka inapogeuzwa kwa nguvu nyingi. Wajapani walikuwa na kipimo chao wenyewe, ambacho msalaba wake hukaa kwa kubana zaidi, na aghalabu parafujo zake hutiwa kitone kidogo kichwani. Magari mengi yanayoteremshwa bandarini kwetu ni ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, na bisibisi nyingi zilizomo katika gereji zetu ni za namna ya Phillips. Vyombo hivyo hufanana kwa macho, lakini katika parafujo iliyokaza tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokitafuna kichwa.

Sasa tueleze alivyofanya mzee yule, maana darasa lake lilitufaa kuliko mkutano wetu. Kwanza hakuigusa parafujo. Alitia mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, akaweka gogo imara chini ya chasisi ili gari lisitegemee jeki peke yake. Akaeleza kwamba breki ya mkono ya Land Rover za zamani hushika shafti nyuma ya giaboksi wala haishiki magurudumu yenyewe, kwa hiyo gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, gari laweza kusogea hata kama breki hiyo imevutwa. Wako mafundi waliopoteza maisha kwa kutoujua ukweli huo mdogo.

Pili, alisafisha. Alisugua kwa brashi ya waya, akachokoa uchafu wote katika mfuo kwa ncha ya msumari. Vumbi la breki hakulipuliza kwa pumzi wala kwa pampu. Alilifuta kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Tatu, alitia matone machache ya mafuta mepesi ya kupenya, akawa mwangalifu yasimiminike ndani ya ngoma, kwa kuwa kiatu cha breki kikilowa mafuta hakishiki tena. Kisha akaweka kipande cha chuma bapa juu ya kichwa cha parafujo, akakigonga kwa nyundo mara nyingi, kwa mapigo ya wastani. Mapigo hayo huivunja kutu ndani ya hesi na kufungua njia ya mafuta. Baada ya hapo akaketi kivulini. Tulipomtazama, akasema, “Mafuta hayana miguu, yaacheni yatambae.” Tulikaa. Safari hii hakuna aliyemhimiza.

Aliporudi alijaribu kwanza kuikaza parafujo kidogo sana kabla ya kuilegeza, maana kutu huvunjika kwa kutikiswa huku na huku kuliko kwa kuvutwa upande mmoja tu. Kama mfuo ungalikuwa mzima, pengine ingalitoka hapo. Hapa ndipo wenye bisibisi ya kugonga huitumia, ile ambayo ukiipiga nyundo kisogoni huisukuma parafujo ndani na kuigeuza kwa wakati mmoja. Mzee hakuwa nayo. Akachukua tindo kali, akachimba alama ukingoni mwa kichwa, akaigonga kwa mshazari kinyume cha mwendo wa saa. Haikusogea.

Tulimwuliza kuhusu moto, kwa kuwa tumewaona mafundi wengi wakiukimbilia. Akajibu kwamba moto ni dawa nzuri mahali pake, kwani chuma hutanuka kwa joto na kunywea kikipoa, na kutu haiwezi kuufuata mwendo huo. Lakini karibu na mpira wa breki, sili ya mafuta, tairi au tangi la petroli, moto ni adui. Akaongeza kwamba zipo dawa za kusafishia breki ambazo zikichomwa hutoa moshi wenye sumu. Hakutumia moto.

Hatua ya mwisho ilikuwa keekee ya mkono. Mzee aliweka alama ya shimo katikati kabisa ya kichwa, kwa sababu ncha ikianza kombo humaliza kombo na kuharibu hesi za upande wa pili. Alianza kwa ncha nyembamba, kisha akatumia nene iliyokaribiana na unene wa shina la parafujo, huku akigeuza polepole na kutia mafuta. Kichwa kikaachana na shina. Akalegeza kirekebishio cha breki, akaigonga ngoma pande zote kwa nyundo ya mti, nayo ikatoka. Shina la parafujo likabaki limesimama nje, kiasi cha kushikika. Akalitia mafuta tena, akalibana kwa koleo lile linalojifunga lenyewe, akaligeuza. Likatoka bila ubishi, kwa kuwa kichwa kilichokuwa kikivuta hakikuwapo tena.

Tulikuwa na kijikasha cha vyuma vya kung'olea shina lililokatika, vile vyenye hesi za kinyume, tukampa akitumie. Alikikataa kwa heshima. Alisema vyuma hivyo ni vigumu kupita kawaida, na kimoja kikikatika ndani ya shimo, keekee ya kawaida haikiwezi, na kazi ya saa moja huwa kazi ya wiki. Hutumiwa pale tu parafujo imekwisha kulegezwa kwa mafuta na mapigo, na si kwa parafujo ambayo bado imekamatwa na kutu.

Kabla ya kurudisha ngoma mzee alituonyesha lile shina. Hesi zake zilikuwa kavu, bila dalili ya grisi, na ncha yake ilikuwa imebanwa kwa nguvu isiyohitajika. Akatukumbusha kwamba parafujo zile zinaishikilia ngoma mahali pake tu, wakati gurudumu halipo. Gurudumu likifungwa, nati zake ndizo zinazobeba kazi. Aliyeikaza kwa nguvu zake zote alidhani anafanya vizuri. Kwa hakika parafujo ile ilianza kukwama siku ileile ilipofungwa. Mzee akasafisha hesi, akatia parafujo mpya iliyopakwa grisi ya shaba, akaikaza kwa kiasi. Yafaa tuonye hapa kwamba hukumu hiyo ni ya parafujo za ngoma tu. Bolti za usukani, za kushikilia breki za disiki na za magurudumu zina kipimo chake cha kukazwa kilichoandikwa na mtengenezaji, na mtu asikikisie.

Ndugu zetu viongozi na watendaji wa Serikali, somo hili lina sehemu yenu, kama lilivyokuwa na yetu. Afisa anayesimama juu ya kichwa cha fundi akitazama saa, anashiriki katika kuiharibu parafujo. Afisa anayepitisha ununuzi wa tairi mpya lakini akafuta katika orodha kopo la mafuta ya kupenya, brashi ya waya na seti ya bisibisi za Kijapani, anaweka akiba ya shilingi na kutupa maelfu. Dereva anayelirudisha gari kutoka ufukweni bila kulisuuza kwa maji matamu anaukaribisha ugonjwa ambao atamwachia dereva mwingine. Huko Chilangala, ambako ndoo ya maji ina thamani yake, tulimwona kijana yule akifuta vumbi la salfa kwa kitambaa kibichi kila jioni. Sisi tuliojaliwa maji karibu hatuna udhuru.

Vyombo vya kusimamia kazi hii tunavyo. Kwa upande wa Tanzania Bara mafunzo ya ufundi stadi yamewekwa chini ya VETA kwa sheria ya mwaka 1994, na matengenezo ya magari ya Serikali yako chini ya TEMESA, iliyoundwa mwaka 2005. Huku Zanzibar tunavyo vituo vya mafunzo ya amali, kama vile vya Mwanakwerekwe na Vitongoji. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kijana anayehitimu ufundi wa magari asipimwe kwa kufunga na kufungua injini safi ya darasani peke yake. Apewe pia parafujo yenye kutu na kichwa kilicholika, aitoe bila kuharibu shimo lake. Pili, kila gereji ya umma iwe na kanuni kwamba hakuna hesi inayorudishwa kavu, na mahali penye aluminiamu na chuma pawekwe grisi inayofaa. Tatu, fundi akisema kazi inahitaji usiku mmoja wa kungoja, apewe usiku huo, na jambo hilo liandikwe katika kitabu cha gari ili kiongozi ajue anangojea nini.

Wapo watakaosema kwamba kungoja ni anasa, kwamba wananchi wanataka huduma sasa hivi. Tunakubali kwamba wananchi wanataka huduma. Lakini sisi tumeona kwa macho yetu jinsi saa chache tulizokataa kumpa fundi zilivyotugharimu usiku mzima, na nani aliyelipa gharama hiyo. Haikuwa sisi. Alilipa mama mgonjwa juu ya pikipiki, na kijana aliyefungwa kitambaa kiganjani kwa kutii amri iliyokuwa na makosa.

Chuoni tulifundishwa kwamba subira ni ufunguo wa faraja. Tulipokuwa watoto tulidhani maana yake ni kukaa kimya na kuvumilia. Mzee wa Chilangala alikaa kivulini, lakini kabla ya kukaa alikuwa amekwisha kusafisha, kutia mafuta na kugonga. Subira yake ilitanguliwa na kazi na ikafuatwa na kazi. Subira ya namna hiyo ndiyo tunayoiomba katika gereji zetu na katika ofisi zetu.

Jioni ya siku ile Land Rover iliteremka kwenda Newala kumchukua mama yule, ambaye alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Kijana ndiye aliyeendesha, kwa mkono mmoja uliofungwa. Tulimwomba radhi mbele ya mzee wake. Akasema, “Yamekwisha, baba zangu.” Kwetu sisi hayajakwisha, na ndiyo sababu tumeyaandika.